Namna ya Kuivisha Familia Kabla Theluji Haijayeyuka

Tuelewane mapema: kuteleza kwenye theluji si mchezo wenyewe. Mchezo wenyewe ni kuvaa. Kuteleza ni kaburudani kafupi kanakopatikana baada ya mtoto wa mwisho kumaliza kuvishwa na kabla mtoto wa kwanza hajasema amebanwa na mkojo.

Ukiishi Aurora au Denver, jimbo la Colorado, siku hiyo itakufikia tu. Utaisogeza kadiri utakavyoweza. Mwezi huu kuna mchango wa harusi ya Mwanza, mwezi ujao kuna ada ya mtoto wa dada, mwezi unaofuata gari linadai tairi. Mwishowe watoto watakuja na habari kwamba darasani wamebaki wao peke yao ambao hawajawahi kupanda mlima na mbao miguuni, na hapo mtu mzima mwenye akili zake, aliyekulia Tanga akilala na dirisha wazi mwaka mzima, atajikuta anaulizia bei ya suruali ya theluji. Mwongozo huu ni wake. Ni wa mama watoto vilevile. Zaidi ya wote ni wa bibi aliyekuja kuwasalimia, ambaye ndiye kikwazo kikubwa cha shughuli nzima kwa sababu anawapenda wajukuu zake.

Tuseme mnakwenda Breckenridge. Mji wenyewe uko mita 2,926 juu ya usawa wa bahari, yaani ni juu kuliko Mandara, kituo cha kwanza cha kulala wapandao Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Lifti ya juu kabisa huwashusha watu kwenye mita 3,900 na ushei. Horombo, kituo cha pili, kiko mita 3,720. Tofauti ni kwamba anayekwenda Horombo hutembea siku mbili, mwongozaji akimkumbusha kila mara aende polepole, na baridi humjia kwa adabu, kidogo kidogo. Breckenridge huendewa kwa gari. Mko kwenye barabara ya I-70, hita inavuma, mtoto kavua viatu, bibi anamenya karanga. Mnapita handaki la Eisenhower kule juu mita 3,400 hivi, mnateremka, mnaegesha, mnafungua mlango, na baridi inawakuta mmevaa nguo za sebuleni.

Na si baridi ya kuipigia mluzi. Kipimajoto kikisema nyuzi 10 chini ya sifuri, upepo nao ukienda kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi huhisi kama ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Hata siku ambayo upepo umelala, anayeteleza hujitengenezea wa kwake.

Kwa bibi, dawa ya baridi inajulikana tangu enzi: sweta. Baridi ikizidi, sweta la pili. Atamsimamisha mjukuu mlangoni saa kumi na moja alfajiri, na mazungumzo yatakwenda hivi:

"Njoo mjukuu wangu nikuongeze sweta, usije ukapata vichomi."

"Bibi, nasikia joto."

"Joto si ugonjwa."

Hoja hiyo ni nzito, na Kiswahili cha mtoto aliyezaliwa Aurora hakitoshi kuijibu. Mzazi ndiye anayepaswa kujua jibu hata kama hatalitamka mbele ya mkwe: mlimani, joto ndio mwanzo wa ugonjwa. Mtoto aliyefungwa sweta nne akipanda kile kilima cha wanaoanza, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, ndani ya robo saa ameloa jasho. Kisha anakalishwa kwenye kiti cha lifti, miguu inaning'inia hewani, hafanyi kazi yoyote, upepo unampiga. Maji hupitisha joto upesi kuliko hewa kwa takriban mara 25. Zile sweta nne sasa ni matambara manne mabichi, na mtoto anatetemeka kwa sababu ya mapenzi.

Nguo haina joto lake yenyewe. Joto ni la mwili. Nguo kazi yake ni kuizuia hewa iliyo karibu na mwili isiondoke. Ndiyo maana nguo tatu zilizopangwa kwa akili hulishinda furushi la nguo saba zilizokandamizana, maana zikikandamizana hewa inakosa pa kukaa. Tabaka la ndani linaondoa jasho kwenye ngozi, la kati linashika hewa, la nje linazuia upepo na maji. Kanuni nzima imeishia hapo. Kinachobaki ni siasa ya nyumbani.

Tuanze na siasa hiyo. Mama mkwe haambiwi "hapana". Mama mkwe hupewa cheo. Mwambie: "Mama, shughuli hii yote haiwezi kwenda bila wewe. Wewe ndiye msimamizi wa glavu." Mkabidhi begi zima, na akiba ndani yake, azihesabu mnapotoka, azihesabu mnapofika. Atakuwa na kazi ya kumshughulisha kuanzia mlangoni hadi maegeshoni, na wakati anahesabu, wewe unamvua mtoto sweta la tatu taratibu nyuma ya gari.

Adui wa pili ni pamba, na huyu ni mgumu kuliko bibi, kwa kuwa yumo ndani ya nyumba na kila mtu anamwamini. Fulana ni pamba. Jinzi ni pamba. Soksi za shule kwa sehemu kubwa ni pamba. Vitenge vyetu vya maana, kanga, kikoi cha baba, vyote pamba. Pamba ni rafiki wa Tanga kwa sababu hunywa jasho na kulishikilia, ukapata ubaridi. Fadhila hiyohiyo, ikipandishwa mita 2,926, inakuwa uadui. Asubuhi ya safari, pita kwa kila mmoja ukaguse kola na mshono. Usikubali maneno. Baba wa familia hasa hukaguliwa kwa makini, maana ndiye anayevaa jinzi chini ya suruali ya theluji akidhani hakuna atakayejua. Itajulikana akianguka mara ya kwanza na theluji ikamwingia kiunoni.

Badala ya pamba, tafuta sufu nyembamba ya kondoo wa merino, ambayo hunywa unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujauhisi. Bei yake inaumiza. Poliesta ni rahisi na inatosha, hasa kwa watoto ambao mwakani nguo hizo hazitawaenea. Hapa pana habari njema ambayo maduka ya mlimani hayatakuambia: mnayo tayari kabatini. Jezi ya Yanga ni poliesta. Ya Simba pia. Haikai na jasho, hukauka haraka, na ikivaliwa chini ya fulana ya poliesta ya mikono mirefu inafanya kazi kuliko fulana yoyote ya pamba iliyoandikwa jina la mlima. Nimeona nyumba ambamo ugomvi wa Kariakoo umekwisha kabisa kwa siku moja, kila mmoja kaficha timu yake ndani ya koti.

Tabaka la kati ni flisi, basi. Moja. Mwenye kusikia baridi sana aongeze kizibao cha manyoya ya bata, lakini ajue kwamba manyoya hayo yakiloa hushikana na kuwa bure.

La nje ndilo linalokula fedha, kwa hiyo usinunue jipya. Maduka ya mitumba ya hapa Marekani yamejaa makoti ya theluji yaliyovaliwa misimu miwili na watoto waliorefuka. Ukiangalia vizuri, hilo koti lilikuwa safarini: lisingenunuliwa hapa, lingefungwa kwenye robota, likapanda meli, likaishia soko la Karume au la Gikomba. Wewe umelikatishia tu nauli. Na huko linakokwenda linaeleweka vizuri kuliko unavyodhani. Mwangalie dereva wa bodaboda wa Njombe au Limuru alfajiri ya Julai: koti kaligeuza, mgongo wa koti kifuani, zipu mgongoni. Hajasoma popote, lakini anajua kwamba upepo hupenya kwenye zipu na kwamba kazi ya nguo ya nje ni kuufungia mlango. Koti la theluji lililoshonwa vizuri lina kipande cha kitambaa nyuma ya zipu kwa sababu hiyohiyo. Kabla hujalipa, nenda msalani na koti, limwagie matone ya maji begani. Matone yakiviringika na kuanguka, nunua. Yakizama na kuacha doa jeusi, hilo bado ni koti zuri la kwendea sokoni.

Sasa soksi. Nakuomba usome polepole. Soksi ni jozi moja. Moja. Ndefu, ya sufu au poliesta, nyembamba kuliko unavyotaka, isiyo na mkunjo. Najua nyumba nzima inaamini kwamba miguu ndiyo mlango wa baridi, na bibi ana ushahidi wa miaka sabini. Lakini buti la skii ni gumu na limebana makusudi, ili mguu ukigeuka na ubao ugeuke. Ukitia soksi ya pili unaiba nafasi ya hewa na kuibana mishipa. Damu haifiki vidoleni, na damu ndiyo hita pekee iliyomo humo. Mtoto mwenye jozi tatu za soksi ndiye wa kwanza kulia kwamba hasikii vidole. Taiti ya ndani nayo isiingizwe kwenye buti. Iishie juu yake. Ndani ya buti kunaingia mguu na soksi, hakuna wa tatu.

Kuhusu kukodi hayo mabuti: kijana wa dukani atauliza urefu, umri na uzito wa kila mtu, kwa sauti, mbele ya foleni. Si umbea. Kile kibano kinachoshika buti kwenye ubao hurekebishwa kwa vipimo hivyo ili kiachie mtu akianguka vibaya. Shangazi aliyetangaza uzito wa alivyokuwa kidato cha nne atashangaa ubao unamponyoka katikati ya mteremko bila sababu. Sababu ataijua yeye na Mungu wake. Anayeona haya aandike kwenye karatasi.

Kichwani pana mambo yetu ambayo vitabu vya mlimani havina. Helmeti haikubaliani na rasta zilizofungwa fundo utosini. Binti aliyesukwa Alhamisi kwa saa tano kwa ajili ya picha za Jumamosi lazima apimwe helmeti kabla ya kusukwa, si baada. Mtindo wa mlimani ni twende kilioni, mistari iliyolala kwenda kisogoni, miisho yake ikishuka ndani ya kola. Shanga kwenye ncha za nywele zisikae chini ya helmeti. Saa moja tu zitachora ramani kichwani. Kwa wanaojitanda, mtandio mwembamba wa kitambaa cha michezo, uliovutwa na kuchomekwa ndani ya koti, hukaa vizuri chini ya helmeti na huziba masikio kuliko kofia nyingi. Pini ziache nyumbani. Skafu ndefu ya heshima, ile iliyotumwa na wifi, ibaki garini, kwani kitu kinachoning'inia kikinaswa na kiti cha lifti hakina utani. Shingoni tia kile kitambaa cha duara kinachoingizwa kichwani na kuvutwa hadi puani.

Glavu za watoto wadogo ziwe zile zinazokusanya vidole vinne chumba kimoja na kulitenga dole gumba. Vidole hupashana joto vikiwa pamoja. Zifungwe kamba ipitayo ndani ya mikono ya koti, hata kama msimamizi wa glavu ataona amepunguziwa madaraka.

Kisha mafuta, na hapa tutabishana. Kuna imani, tena ya watu wazima, kwamba sisi jua letu tulishalimaliza na hatuhitaji losheni. Theluji mbichi huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi inayounguza, na mionzi hiyo huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Jua la Breckenridge linakupiga kutoka juu na linakupiga kutoka chini: chini ya kidevu, ndani ya matundu ya pua, mahali ambapo jua la Tanga halijawahi kufika. Ngozi nyeusi ina kinga zaidi ya nyeupe, haina msamaha. Mafuta ya mgando yanafaa kwa midomo na kwa upepo, lakini jua yanalipisha bila kuuliza. Paka losheni kwanza, ingoje iingie, kisha mgando kidogo mashavuni. Bibi atasema mjukuu kapakwa unga. Ni kweli anaonekana kapakwa unga. Mpige picha baadaye.

Wapi mvae? Hili ndilo linaloharibu mipango mingi, kwa sababu nyumbani watu huvalishana kila kitu halafu wakaingia garini. Mtoto wa kiti cha gari hafungwi mkanda akiwa ndani ya koti la kufura. Gari likigonga, koti linajikunja, mkanda unabaki umelegea, mtoto anachomoka. Asafiri na flisi, koti afunikwe kwa juu, avae mkifika. Maana yake ni kwamba sherehe nzima ya kuvaa itafanyika maegeshoni, mlango wazi, theluji inadondoka kwenye viti.

Utaratibu ni huu. Watu wote chooni kwanza, pamoja na wanaoapa kwamba hawana haja. Wazazi wavae suruali zao za theluji, lakini si makoti wala mabuti. Ukiwa umeshavaa buti hutaweza kuchuchumaa kumfunga mwanao, na ukiwa umeshavaa koti utatoka jasho ukihangaika naye, nawe unajua tayari jasho linakwenda wapi. Mtoto mkubwa ajivishe. Mdogo kabisa avishwe mwisho, asije akaiva akingoja. Makoti ya wazazi ndiyo yafunge kazi. Kama dakika hiyo, zipu ya mwisho ikipanda, mdogo akisema "mama, mkojo", usimkaripie. Suruali za theluji zenye mikanda ya mabegani zilibuniwa na mtu asiye na watoto.

Na hapo ndipo bibi atakapotoa kanga. Ulimkataza, akaificha chini ya begi la glavu. Ataifunga ncha moja kwenye mlango wa mbele na nyingine kwenye mlango wa nyuma, na kwa ghafla mna chumba cha kubadilishia: mtoto anabadilishwa nepi, binti anavuta taiti yake, familia ya gari la jirani inatazama kwa wivu. Ni pamba, haigusi mwili wa mtu, na kwa kazi hiyo sijaona kitambaa cha mlimani kinachoifikia. Mwombe radhi.

Kwa anayetilia shaka kwamba nguo chache zinatosha, awatazame wanaoshindana. Philip Boit, Mkenya aliyekuwa mkimbiaji kabla hajajifunza skii Finland, aliingia mbio za kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Wanamichezo wa mbio hizo huvaa vazi jembamba lililobana mwili, kwa sababu mwili unaofanya kazi ni jiko. Boit alimaliza wa mwisho, na Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyekuwa ameshachukua dhahabu, akabaki mstarini kumngoja ili amkumbatie. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Mzazi aelewe nafasi yake katika kisa hicho. Wewe si Boit. Wewe ni yule anayesimama chini ya mlima akingoja, na koti nene zaidi katika familia ni haki ya anayengoja, si ya anayekimbia.

Watoto waanze siku wakisikia ubaridi kidogo. Wakilalamika maegeshoni, ni ishara njema. Wakipiga mizunguko miwili watanyamaza. Wakisema wako sawa kabisa kabla hawajasogea, punguza kitu.

Bibi atakaa ndani ya mgahawa wa mlimani, dirishani, na chupa yake ya chai ya tangawizi na chapati ndani ya foili. Tiketi moja ya lifti dirishani siku za msimu hupita dola 200, kwa hiyo yeye amekwisha kuokoa fedha hizo, na atakukumbusha.

Jioni, mkirudi, sufu isiingizwe kwenye mashine ya kukaushia. Itatoka ikimtosha mdoli. Itandazwe juu ya taulo. Glavu zigeuzwe ndani nje, msimamizi azihesabu mara ya mwisho.

Ndugu zangu wa Aurora, Denver na vitongoji vyake, nina ombi moja. Suruali ya theluji ya mtoto wa miaka sita huvaliwa siku chache tu kabla haijambana. Isilale kabatini kwako hadi mwaka ujao, ambapo haitamfaa mtu. Kuna familia zilizofika mwaka huu kutoka Kigoma, Bukavu na Mombasa, na watoto wao wako darasa moja na wako. Ipeleke msikitini au kanisani kabla ya Novemba, ikiwa imefuliwa, saizi yake imeandikwa ndani kwa wino usiofutika. Ukiambatanisha na glavu, peleka zote mbili.